Fomu Zilizoandikwa "Hakuna Kosa"

Ndugu zangu wa Levolosi, Sombetini na kote mnakokunywa maji ya mlima huu, nipeni masikio yenu kidogo. Habari hii ni ya nyumba moja tu, lakini kila nikiikumbuka naona nyumba nyingi ndani yake, na yangu imo.

Nyumba yenyewe ni ya Mzee Uwesu, karani mstaafu wa mahakama, pale Levolosi. Mwaka ule wa tisini na sita, ungepita pale Jumamosi alasiri ungekuta utulivu wa ajabu. Jogoo kapelekwa kwa jirani, blanketi mbili zimetundikwa dirishani, na mkewe, Bi Twahira, amekaa barazani akimnyamazisha kila mpita njia kwa kidole. Ndani, mzee alikuwa anasoma kitabu mbele ya redio kaseti. Miaka thelathini alisoma hukumu mahakamani, na sauti yake ilikuwa nzito na safi, ukiisikia unakaa sawa kitini.

Kikundi chetu kilikuwa kinarekodi vitabu kwa ajili ya watu wasioona. Tulijitolea, hatukulipwa hata nauli. Mimi Joyce, mpiga chapa niliyepunguzwa kazi kiwanda chetu kilipouzwa, nilikuwa katibu. Kila kitabu kilikuwa na watu wawili: msomaji na msikilizaji. Msikilizaji hukaa baadaye na kaseti na kitabu, kidole kwenye mstari, na kila kilichorukwa au kukosewa anakiandika kwenye fomu. Fomu inarudi kwa msomaji, naye anarekodi upya pale palipoharibika. Kazi hiyo haina sifa, jina la msikilizaji halitajwi popote, lakini bila yeye asiyeona hana namna ya kujua kama alichosikia ndicho kilichoandikwa.

Msikilizaji wa Mzee Uwesu nilimchagua mimi mwenyewe. Ni Faudhia, mkamwana wake, mke wa mwanawe Twahir anayechimba madini Mererani. Msichana amemaliza kidato cha nne, ana mwandiko mzuri, na anaishi humo humo ilipo redio kaseti. Nilijipongeza sana. Wewe unayesoma, kama umeshaliona kosa langu, basi umenizidi akili.

Fomu zikaanza kuja. Kaseti ya kwanza: hakuna kosa. Ya pili: hakuna kosa. Kwa miezi minane tukamaliza vitabu vitatu, kaseti kumi na moja, na zote hakuna kosa. Nikawa nazipunga fomu zile mkutanoni, nawaambia wenzangu waige nyumba ya Mzee Uwesu.

Siku moja akaja ofisini Namnyaki, mama wa Nduruma anayefuga kuku. Haoni tangu alipougua surua utotoni. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono, na mkoba wake umejaa kaseti zetu.

"Dada Joyce, hizi nimezisikiliza zote," alisema. "Za kitabu cha kufuga kuku ndizo zimenishinda. Kifaranga yuko kwenye chanjo, mara yuko kwenye shimo la mbolea. Hapo kuna kitu kimerukwa."

"Haiwezekani, mama. Zimesikilizwa, na fomu ninazo hapa."

"Fomu mimi siioni." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Huyo mzee anayesoma, mmeshampeleka kwa daktari wa macho?"

"Kwa nini?"

"Akifika mwisho wa mstari anavuta pumzi, anatafuta. Halafu anashika mstari usio wake. Kaseti za mwanzo ni mara chache. Hizi za mwisho ni kila wakati. Baba yangu alikuwa anasoma masomo kanisani, alianza hivi hivi. Tukasema ni uzee. Leo anashikwa mkono kama mimi."

Alipoondoka nikachukua kitabu na kaseti, nikasikiliza. Mstari umerukwa, mistari miwili imerukwa, mwingine umesomwa mara mbili. Hasira zikanipanda. Nikaenda Levolosi saa ile ile.

Nilimkuta Faudhia uani anachambua mchele.

"Faudhia, zile kaseti ulizisikiliza, au ulijaza fomu tu?"

"Nilizisikiliza, dada." Machozi yakamlengalenga. "Nilisikia yote."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Fomu anaisoma yeye! Baba mkwe wangu! Nimwandikie makosa thelathini, halafu nimpelekee chai? Mama mkwe angenionaje? Na Twahir je?"

Na ni mimi niliyemweka pale. Akaingia ndani, akatoka na daftari alilokuwa amelificha chini ya godoro.

"Lakini kuacha kuandika nilishindwa," akasema.

Humo kulikuwa na kila kitu, kwa ule mwandiko wake mzuri. Kaseti ya kwanza, makosa manne. Ya tano, kumi na saba. Ya kumi na moja, sitini na mawili.

Tukaingia kwa mzee. Nilitaka kusema mimi, Faudhia akanizuia. Akaketi mkekani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwomba radhi, akafungua daftari, akasoma mwanzo hadi mwisho. Bi Twahira alisimama mlangoni na sinia mkononi, asisogee. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, na Faudhia alipomaliza akakiinua.

"Mwanangu," akasema, "tangu mwaka jana naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni hakuna kitu. Kila nikitaka kusema, fomu inakuja: hakuna kosa. Najiambia, basi ni wasiwasi wangu tu, macho yangali mazima. Niliiamini fomu yako kuliko macho yangu."

Faudhia alilia kwa sauti. Nami nililia, na sioni aibu kuwaambieni.

Tulimpeleka hospitali Moshi wiki ile ile. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uoni pole pole kutoka pembeni. Daktari akauliza ulianza lini. Faudhia akatoa daftari. Daktari alilipekua taratibu, akasimama kwenye ukurasa wa kaseti ya tano.

"Mngemleta alipofikia hapa," alisema, "pengine tungeyaokoa yote mawili."

Jicho la kulia limekwenda. La kushoto alifanyiwa upasuaji, na kile kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone maisha yake yote. Kusoma hawezi tena. Kitabu cha kuku nilikirekodi upya mimi, na Namnyaki amekwisha kunirudishia mara mbili nirekebishe.

Matone ni asubuhi na jioni. Mikono ya Bi Twahira inatetemeka, kwa hiyo kazi ni ya Faudhia. Mkamwana anamshika baba mkwe wake kidevu, anamfunua kope kwa kidole, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lisingewezekana katika nyumba ile. Siku ya kwanza alitazama pembeni kwa haya, tone likateremkia shavuni.

"Umekosa," mzee alimwambia. "Rudia."

Akarudia.

FUNZO

Ndugu zangu, tunawaheshimu wazee wetu, na tuendelee. Lakini kuna ukimya tunaouita heshima, kumbe ni woga wa kuonekana wabaya, na anayeulipia ni yule yule tunayesema tunamheshimu. Ukipewa kazi ya kusikiliza, sema ulichosikia. Tafuta lugha ya adabu, keti mkekani, omba radhi kwanza, lakini sema. Nanyi wazee, msingoje mwana ajipe moyo. Mwulizeni, na akijibu msimkaripie. Na sisi tunaogawa kazi, tusimpe mtu kazi ambayo mila inamfunga mdomo kuifanya, kisha tukamlaumu. Mzee Uwesu alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli, na mtu huyo alikuwa akimpelekea chai kila siku.