Rebeka na Dawa ya Uchungu

Asubuhi hiyo tulikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tunachambua dagaa. Mkwe wangu Rebeka, tumbo kubwa, alikuwa anataniana na wateja. Ghafla akashika kiuno.

"Mama, umeanza!"

"Uchungu? Kweli?"

"Kweli kabisa!"

Basi, dagaa nikawaachia wenzetu! Mwanangu Nestory alitoka mbio kutafuta bajaji, kifua wazi. Wanawake wakamzomea: "Baba kijacho, unakwenda kuzaa wewe?"

Nyumbani si mbali. Tulifika kwa miguu, tukicheka. Nikaingia ndani kuchukua khanga na kadi ya kliniki. Nilipotoka, nikamkuta Evelina, shangazi yake Rebeka aliyetoka Usagara kuja kumsaidia. Amemshikisha kikombe cha uji.

"Kunywa, mwanangu. Nimetia mizizi ya kuharakisha uchungu. Ukifika hospitali mtoto yuko mlangoni. Hawatakupasua tena."

Mtoto wa kwanza, Precious, alizaliwa kwa upasuaji. Tangu hapo Rebeka anaogopa kisu sana. Akapiga funda moja.

"Acha kwanza!" nikasema. "Tumuulize mkunga."

"Mkwe, watoto wangu sita wote nimewazaa kwa dawa hii," Evelina akajibu. "Na huko msiseme. Watatufokea bure."

Bajaji ikapiga honi. Tukaondoka. Njiani uchungu ukaja, ukaja tena, bila kumpa nafasi ya kupumua.

Hospitali tulipokelewa na mkunga, Maulida.

"Shikamooni, mama zangu. Pole, Rebeka. Umekunywa dawa yoyote leo? Ya dukani, ya miti?"

Evelina akakohoa. Rebeka akamtazama, kisha akamgeukia mkunga.

"Nimekunywa. Ya mizizi. Funda moja."

Maulida hakufoka. "Umefanya vizuri kusema. Sasa najua cha kuangalia."

"Lakini mimi niliinywa, sikudhurika!" Evelina akasema.

"Una bahati, shangazi. Mizizi haina kipimo. Inaweza kusukuma uchungu kwa nguvu mno, mtoto akakosa hewa. Na Rebeka ana mshono kwenye kizazi. Mshono ukiachia, anatoka damu nyingi ndani. Tunaweza kuwapoteza wote wawili."

Evelina akashika mdomo. "Mimi nilitaka kumwepusha na kisu."

"Najua. Msugue mgongo, namwita daktari."

Daktari akaja upesi. Akasikiliza tumbo. "Mapigo ya mtoto yanashuka. Tumpasue sasa hivi."

"Nipasueni," Rebeka akasema. "Mtoto wangu apone."

Tukabaki kwenye benchi. Nestory alikaa, akasimama, akakaa.

Mara tukasikia mtoto analia! Nguvu hiyo!

"Wa kiume," Maulida akasema. "Mshono ulikuwa umeanza kuachia. Tumeuwahi. Mama ni mzima."

Evelina alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nestory akamkumbatia mlinzi!

Evelina alikaa kwetu mpaka Rebeka akapata nguvu. Siku moja alikuja jirani yetu Sihaba, mimba yake changa.

"Shangazi, nasikia una dawa nzuri ya uchungu."

"Dawa? Mimi nina miguu tu," Evelina akajibu, anajifunga khanga. "Vaa kandambili, nikusindikize kliniki. Na ukifika, kila ulichokunywa useme!"