Sikio la Kushoto la Kadii

Mchana huo Kadii alikuwa ameketi kibarazani kwake, Golbanti, akipukuchua mahindi. Ng'ambo ya uwanja ilikuwa nyumba ya mke mwenzake, Rebecca, binti wa Kipokomo aliyeolewa mwaka uliopita. Gona, mume wao, alikuwa ameingia humo kunywa chai. Kikasikika kicheko. Kadii hakujua wanachekea nini, na kutojua huko ndiko kulikomla roho.

Akaenda kwa mzee Randu, mganga aliyeishi peke yake nyuma ya mashamba ya mpunga. Hakutaka mtu afe wala augue. Alitaka tu ayasikie yanayosemwa ndani ya nyumba ile. Randu akamtia matone ya mafuta meusi katika sikio la kushoto.

"Kufungua najua, mwanangu," alisema. "Kufunga sijui."

Jioni ile Kadii alisikia kijiko kikikoroga chai ng'ambo ya uwanja. Akamsikia Gona akisifu samaki wa Rebecca. Kisha akamsikia akimwita Rebecca kwa jina la mapenzi, lile lile alilomwitia yeye walipokuwa vijana. Hakula siku hiyo.

Siku ya tatu maumivu yakaanza. Kwanza mwasho, halafu kama mtu anasukuma msumari ndani kwa ndani. Akitafuna, taya linauma. Akigusa sikio, machozi yanamtoka. Mto wake wa kulalia ukalowa usaha.

Gona mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye bodaboda hadi zahanati moja ya Garsen. Daktari Dado alimulika sikio, akamwuliza ametia nini humo. Kadii akasema ni maji ya kuoga. Daktari akamweleza kwamba njia ya sikio imevimba na kiwambo kimetoboka kidogo. Akampa vidonge na dawa ya matone, akamwonya asitie mafuta wala kijiti, amalize dawa yote, arudi baada ya wiki.

Siku ya pili ya dawa maumivu yalipungua. Sauti nazo zikafifia. Kicheko cha Gona kikawa kama kinatoka chini ya maji. Kadii hakuweza kuvumilia. Akaitupa dawa yote chooni.

Maumivu yakarudi, na sauti pamoja nayo.

Jumamosi Rebecca alikwenda Ndera kumwona mamake, Gona akamsindikiza. Nyumba ikafungwa kwa kufuli. Adhuhuri Kadii akajilaza mkekani, akijua leo atapumzika.

Kigoda kikaburutwa.

Kilikuwa ndani ya nyumba ile.

"Amelala?" mtu alinong'ona.

"Amelala. Sikio liko juu."

Kadii akaketi.

"Ameamka."

Akatoka. Jua lilikuwa la utosi. Hapakuwa na mtu uwanjani, hata kuku. Akavuka polepole, mkono sikioni.

"Anakuja."

Kufuli lilikuwa mahali pake. Akaegemeza sikio mlangoni. Kimya. Kisha, karibu sana, nyuma ya mbao na ndani ya kichwa chake kwa pamoja:

"Huyu hapa. Sema polepole."

Alikimbia hadi barabarani bila viatu. Huko Garsen alimweleza daktari yote, mafuta, mzee Randu, dawa aliyoitupa chooni. Daktari Dado hakucheka. Alimsafisha usaha, akampa dawa nyingine, akasimama pale mpaka Kadii akameza kidonge cha kwanza. Safari hii Kadii hakuruka hata dozi moja. Sikio likapona, ingawa tangu siku hiyo linasikia kwa shida. Yeye halalamiki. Gona akicheka ng'ambo, yeye huwasha redio.

Ila Rebecca aliporudi kutoka Ndera na kufungua mlango, alikuta alama kwenye ukuta wa udongo, kwa ndani, upande unaotazama kwa Kadii. Ilikuwa chapa ya sikio la mtu, imedidimia, kila mkunjo ukionekana. Udongo ulikuwa mkavu. Akaikandika. Asubuhi ikawa imerudi. Akaikandika tena.

Asubuhi ya tatu zilikuwa mbili. Ile ya pili ilikuwa chini zaidi, ndogo, kama ya mtoto.