Picha Moja Ukicheka

Ng'ombe ndiye aliyewakutanisha, na tusimnyime sifa zake.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo Kitale, ile siku ambayo watu wa Trans-Nzoia hukubaliana wote kuja kukanyagana viatu mahali pamoja. Vumbi lilitanda. Spika za kwaya zilishindana na spika za watu wa mbolea, na harufu ya mahindi choma ilichanganyika na ya ng'ombe waliooshwa vizuri kuliko wenyewe waliowaleta. Jepchumba alisimama kwenye kibanda cha agrovet, lile duka la mbegu na dawa za mifugo alilofanyia kazi, ndani ya gauni la manjano na raba nyeupe. Yaani, asubuhi zilikuwa nyeupe. Usoni alivaa barakoa. Corona ilikuwa imeshasahaulika, lakini yeye aliendelea kuivaa, akisema ni vumbi la dawa za wadudu. Watu walimwamini. Sisi tusiharakishe.

Mbele ya kibanda chake, kijana mrefu kutoka Bungoma, Sifuna kwa jina, alikuwa akiwapiga watu picha wakiwa wamesimama na ng'ombe wa gredi aliyeshinda zawadi. Kofia yake ya kijani ilikuwa mpya, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Sista, ni wewe tu hujapigwa picha na huyu mheshimiwa."

"Sitaki."

"Ameoga, nakuapia. Ameoga kunishinda."

"Niko kazini, bana."

"Si hata yeye yuko kazini! Toa tu hiyo barakoa kidogo, asidhani umekuja kumwibia."

Kwa nini Jepchumba aliitoa, hata yeye hajui mpaka leo. Alisimama kando ya ng'ombe, midomo imefungwa kama bahasha ya mtihani. Sifuna akainama kurekebisha kamba. Ng'ombe akamwangalia, akafikiria, kisha akaing'ata kofia yake kwa mbele na kuanza kuitafuna polepole, macho yamefumba nusu, kama mzee anayeonja mchuzi.

"Mama! Mama, tulia, hiyo si nyasi ya nepia!"

Jepchumba akacheka. Si kile kicheko cha adabu cha kaunta, hapana. Alicheka kutoka tumboni, kichwa nyuma, macho yakapotea. Sifuna, mkono mmoja ukivuta kofia, akabonyeza kamera kwa mkono wa pili.

Kwenye picha hiyo, mkono wa kulia wa Jepchumba uko njiani kwenda mdomoni. Haujafika.

Kwani ulikuwa unaenda kufanya nini huko? Haya, sasa tuseme. Jepchumba alikulia upande wa Baringo, ambako maji ya kisima chao yalikuwa na madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto hata kabla hayajaota. Meno yake yalitoka mazima na yenye nguvu, ila yana mabaka ya hudhurungi, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Nyumbani kila mtu alikuwa nayo, hivyo hakuna aliyeyaona. Alipoenda shule ya bweni, wasichana wa huko wakayaona kwa niaba ya wote. Walimwita Majani Chai. Tangu hapo mkono wa kulia ulipata kazi ya kudumu: kukitokea kicheko, unaruka kulinda mlango. Corona ilipokuja na barakoa zake, wengine walilia, Jepchumba alipumua.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, maana yeye alikuwa Kitale na Sifuna yuko studio Bungoma.

"Malkia wa mbegu, umeshindaje?"

"Nimeshinda poa, mpiga ng'ombe picha."

"Leo nimepiga maharusi wa Myanga. Bwana harusi amesimama kama mlingoti. Nikamwambia, ndugu, huyu ni bibi yako, si polisi."

Jepchumba alicheka, na kwenye simu hakuna anayekuona, kwa hivyo mkono ulibaki umelala.

"Nitumie picha ukicheka hivyo."

"Aka!"

"Jep, meno yako hayana shida. Nakupenda nayo hivyo hivyo."

Alilisema hilo mara nyingi, mpaka Jepchumba akaanza kuliamini, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja maji ya kuoga kwa kidole. Sifuna alipokuja Kitale Jumapili, wakikaa kula chipsi, barakoa ilikaa kwenye mkoba. Mkono nao ulianza kuchelewa kazini.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, Jepchumba akaamua kumshtua. Alivaa sketi yake ya maua na sweta la rangi ya maziwa, akabeba kibuyu cha mursik, maziwa ya kuganda ya kwao, alichotumiwa na mamake, akatua Bungoma bila kupiga simu. Dada yake Sifuna, Wilkista, ndiye aliyekuwa kwenye kaunta ya studio.

"Woi! Si huyu ni shemeji wa ukutani!"

Ukutani? Jepchumba akageuka.

Alikuwa pale pichani, mkubwa kuliko mlango, gauni la manjano, kichwa nyuma, mkono njiani. Na mdomoni, meno meupe kabisa. Meupe kama sinki jipya. Hakukuwa na baka hata moja.

Sifuna akatoka nyuma ya pazia, uso wote ukiwaka furaha. "Jep! Mbona hukusema? Umeona? Umeona vile umetokea?"

"Huyo ni nani?"

"Si wewe, mrembo!"

"Mimi?" Alikiweka kibuyu kwenye kaunta taratibu sana. "Haya."

Akatoka. Sifuna alimfuata mpaka barabarani akiomba msamaha, na kosa aliloombea msamaha silo alilofanya.

"Pole nimebandika bila kukuuliza! Naitoa leo! Jep, watu wanaoingia ni wateja tu, hakuna anayekujua!"

Alituma ujumbe wa namna hiyo wiki nzima. Pole kwa kubandika. Pole sikuuliza. Kila pole ilikuwa inabisha hodi nyumba ya jirani. Mwishowe Jepchumba akamblock, akamfungia simu na ujumbe.

Basi ikawa kimya. Wakati wa kupanda ukafika, agrovet ikajaa watu wenye matope hadi magotini wakigombania mbegu, na Jepchumba aliuza nyuma ya barakoa kutwa nzima bila mtu kujua anacheka au amenuna. Ni kweli hakuwa akicheka. Chakula cha mchana alikulia stoo, kati ya magunia, ameupa mlango mgongo. Jioni alirudi kwenye chumba chake, akajipikia ugali wa mtu mmoja, ambao ni ugali mgumu kuupika. Ukikosea kidogo unajikuta umepika wa wawili.

Siku moja kama hiyo ndiyo aliyopigia simu kliniki ya meno. Msichana wa mapokezi, Pauline, alikuwa na sauti ya mtu anayetafuna karanga.

"Jumanne saa nne. Hiyo ya kwanza ni kuangalia na kuongea tu, hakuna kutobolewa, usiogope. Ukuje umekula, umepiga mswaki, na usipake lipstick, inaharibia daktari rangi. Na ufikirie unataka nini kibadilike, hilo ndilo swali lake la kwanza. Halafu ukuje na picha moja ukicheka."

"Ukicheka vipi?"

"Kucheka tu, dadangu. Meno nje. Isiwe na filta. Daktari anataka kuona mdomo ukiwa kazini."

Jepchumba akaingia kwenye simu kutafuta. Harusi ya binamu: midomo imefungwa. Siku ya kupokea cheti: imefungwa. Krismasi: chupa ya soda iko mbele ya mdomo, ameishikilia kama maikrofoni. Miaka yote ya maisha yake ilikuwa mle ndani, na hapakuwa na kicheko hata kimoja.

Akasema atajipiga picha mwenyewe. Alikaa kitandani, akainua simu, akatoa meno. Alitokea kama mbuzi aliyenusa moshi. Akajaribu tena. Mbuzi yule yule. Akafungua video za wachekeshaji. Moja ikamshika kweli, akacheka, na mkono ukaruka ukafunika mlango kabla simu haijapiga picha. Alibaki ameketi, simu mkononi, taa ya chumba ikiwaka juu yake peke yake. Kucheka ukiwa peke yako ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja. Picha aliyoihitaji ilikuwepo moja tu duniani, na aliyekuwa nayo Jepchumba alikuwa amemfungia.

Akamfungulia. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Jep?" Sifuna, akiwa na wasiwasi, r na l zake hubadilishana viti. "Jep, ni wewe kweri?"

"Ni mimi. Nataka ile picha ya maonyesho. Ya kwanza. Kabla hujaipaka rangi."

"Kuipaka..."

"Naenda kwa daktari wa meno Jumanne. Anataka niende na picha nikicheka. Sina nyingine."

Sifuna akasema polepole, kama mtu aliyepata funguo mfukoni baada ya kuvunja mlango: "Kumbe ni meno. Si kubandika. Ni meno."

"Umejua leo?"

"Jep, hiyo ni kazi tu. Studio tunasafisha kila mtu. Chunusi, mikunjo, jasho. Mkono unaenda wenyewe. Hata yule ng'ombe nilimsafisha meno!"

Kicheko kilimfikia Jepchumba kooni. Akakimeza.

"Ng'ombe hukuwa unamwambia kila jioni meno yake hayana shida."

Huko Bungoma, Sifuna alikaa chini.

"Nitumie tu picha," Jepchumba akasema.

"Sina."

"Sifuna."

"Sina, haki. Nilisevu juu yake. Imebaki ile nyeupe. Ningekuwa nayo ningekuretea hata kwa miguu." Akapumua. "Jumanne saa ngapi?"

"Saa nne. Kwani?"

"Mimi nilikuwa pale ulipocheka. Ngoja nikuje."

"Usijisumbue," akasema Jepchumba, akakata. Alilala akiwa na uhakika kwamba hatakuja, na kwa sababu fulani ambayo hatutamwaibisha nayo, alipiga pasi gauni la manjano.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jepchumba alikaa kwenye kliniki amekula, amepiga mswaki, midomo haina kitu, magoti pamoja. Kila mlango ulipofunguka alitazama. Mzee mwenye shavu limevimba. Mama na mwavuli. Upepo. Kisha Pauline akaita jina lake.

Daktari Nyaguthii alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya taratibu. "Karibu, mamii. Picha?"

"Sina."

"Hakuna neno. Nichekee hapa hapa."

Jepchumba akajaribu. Midomo ilipanda upande mmoja, ikashuka.

"Hiyo ni ya kitambulisho. Nataka ya nyumbani."

"Daktari, ya nyumbani..." Macho yakaanza kumchoma. "Nyumbani niko peke yangu."

Mlango ukagongwa. Kichwa cha Pauline kikaingia, kimejaa mashaka. "Daktari, samahani. Kuna mtu hapa anasema yeye ni picha."

"Anasema yeye ni nini?"

Sifuna akaingia. Matope yalimfika magotini, shati jeupe limemshika mwilini kwa mvua, uso mzito kama wa mtu aliyekuja kutoa rambirambi. Na kichwani alivaa kofia ya kijani isiyo na mbele; mbele yake iliishia kwenye meno ya ng'ombe, imeliwa kwa mviringo mzuri kabisa, nyuzi zikining'inia juu ya nyusi.

"Pole kwa kuchelewa, daktari," akasema, akivua kofia kwa heshima na kuivaa tena. "Mimi ndiyo ile picha."

Jepchumba alicheka.

Alicheka mpaka kiti cha daktari kikalia. Kichwa kilirudi nyuma, macho yakapotea, na mkono wa kulia ukaondoka kwenda kazini, ukapita kifua, ukafika kidevuni. Hapo akauona. Akaushusha mwenyewe, akaukalia.

Daktari, ambaye hakuwa mgeni wa kazi yake, alikuwa tayari na kamera. "Asante. Sasa nimeona." Akaketi karibu. "Kwa hivyo, mamii. Unataka nini kibadilike?"

Mlangoni, Sifuna alifungua mdomo kusema ile sentensi yake ya zamani. Akaufunga.

Jepchumba alikuwa amefanyia mazoezi jibu refu mbele ya kioo. Alilitafuta, halikuwepo.

"Rangi," akasema, akipangusa machozi. "Rangi badilisha. Kicheko usiguse."

Walipotoka mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Walisimama chini ya paa la duka, hawajagusana, kila mmoja akitazama matope yake. Jepchumba alitakiwa kazini. Sifuna alikuwa na wateja Bungoma. Barakoa ilikuwa kwenye mkoba.

"Na ile ya ukutani?" Jepchumba akauliza.

"Nilitoa siku ile ile. Umebaki msumari."

"Msumari tu?"

"Msumari tu. Wilkista anautundikia mkoba, namfokea." Akaizungusha kofia mikononi. "Amesema urudi lini, huyo daktari?"

"Mwisho wa mwezi. Na amesema nije na picha."

"Lakini si amepiga yake, nimeona..."

"Sifuna."

"Naam."

"Amesema nije na picha."