Filamu Iliyopita Mara Mbili

Jumapili, tarehe nne Mei. Mvua ilinyesha kidogo alfajiri hapa mjini Opelousas, ikakatika kabla ya misa, na jua lilipotoka ardhi yote ikawa inafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

"Huyu ni nani?" Rémy aliuliza, akaitupa picha katikati ya meza.

Ilianguka juu ya magazeti yaliyotandikwa, kando ya rundo la kamba wa bwawani waliochemshwa kwa pilipili. Familia nzima ya Guillory, kwao Rémy, ikaacha kumenya.

Clémence Lemelle alifuta vidole, akainama kuitazama. Alikuwa mpiga picha, binti mdogo bado, mmoja wa wachache mjini waliokuwa wakitumia kamera ya filamu. Ilikuwa imebaki mwezi na kidogo aolewe na Rémy. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Alcide Rideau, mpiga kodiani anayejulikana mji mzima kwa nyimbo zake na kwa wasichana wake, alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono mmoja kaunyoosha. Na chini ya mkono huo, kichwa kifuani pa Alcide, macho yamefumbwa, anacheka, alikuwepo Clémence mwenyewe.

"Nimekuuliza, huyu ni nani?"

"Ni Alcide. Unamjua."

"Na huyu aliyemlalia?"

"Ni mimi."

Verlie, binamu yake Rémy, akapiga makofi. "Haya! Kakiri mwenyewe! Wifi, si ungekana hata kidogo, tupate cha kusema?"

"Verlie, kula," alisema Mama Olympe, mama yake Rémy. Kisha akamgeukia Clémence kwa sauti ya chini. "Mwanangu, sema neno."

"Umeitoa wapi, Rémy?"

"Dukani kwa msafisha picha! Jana nikitoka kazini nikasema nikuchukulie bahasha yako, nikusaidie. Nikaifungua nione picha zetu za Pasaka. Ya juu kabisa ikawa hiyo. Mwongo mkubwa wewe! Unaniambia umekwenda kumpiga picha Alcide kwa ajili ya santuri yake, kumbe!"

"Na ya pili?"

"Ya pili gani?"

"Picha ya pili. Na ya tatu. Uliziangalia?"

"Ya kwanza ilinitosha!"

Clémence alihisi damu ikimpanda usoni. Akasali kimoyomoyo, Bwana, nishikie ulimi, maana nitasema ya kujutia. Akaitazama tena ile picha, safari hii kwa jicho la kazi. Ubao wa benchi ulikuwa umepita katikati ya shingo yake kama kisu. Akaanza kucheka.

"Unacheka? Mimi sijalala, wewe unacheka?"

"Nimevaa nini hapo?"

"Sitaki kujua umevaa nini!"

Mama Olympe aliichukua picha, akaisogeza mbali na macho yake. "Si lile gauni la Pasaka hili? Vifungo hivi nimevishona kwa mkono wangu."

"Asante, Mama. Rémy, Pasaka tulikuwa wapi?"

"Kwa Nanan wako. Kibarazani."

Nanan Eulalie alikuwa mama wa ubatizo wa Clémence, na huko ndiko walikokwenda kila Pasaka kucheza mchezo wa kugonganisha mayai ya rangi.

"Nani alikuwa ameishika kamera?"

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa nimeegemea nini?"

"Nguzo." Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Nguzo ya kibaraza. Nilikuambia ufumbe macho ucheke."

"Na filamu? Mikono yangu ilikuwa imejaa rangi ya mayai. Nikakuambia chukua filamu mpya kwenye mkoba, mfuko wa kushoto."

"Nikachukua wa kushoto."

"Kushoto kwako au kushoto kwa mkoba?"

Mjomba mmoja mwisho wa meza alikohoa, pilipili imempalia.

"Sasa nisikilize," Clémence alisema. "Filamu ikiisha, siizungushi hadi ulimi wake, kile kipande cha mwanzo kinachochomoza, uingie ndani ya kopo. Nauacha nje, kwa sababu nyingi nazisafisha mwenyewe nyumbani, na ulimi ukizama ni shida kuutoa. Basi ili nisichanganye iliyotumika na mpya, ile iliyotumika naikunja ncha ya ulimi. Ndiyo alama yangu."

Rémy alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumwa jino. "Ncha ilikuwa imekunjwa."

"Uliiona?"

"Niliiona. Nikadhani imeharibika."

"Ukafanyaje?"

"Nikainyoosha," alisema. "Kwa ukucha. Taratibu kabisa, nisiikwaruze."

Mama Olympe alijifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanatikisika.

"Ile ilikuwa filamu ya Alcide!" Clémence alisema. "Ukaipitisha kwenye kamera mara ya pili. Ukumbi aliokuwa anapigia ulikuwa na giza, na kwenye giza picha ya pili hukaa vizuri juu ya ile ya kwanza. Mimi siku zote hizi naitafuta ile filamu nyumba nzima. Lete bahasha."

Ilikuwa kwenye gari. Rémy alikwenda mwenyewe kuichukua, na Clémence akazipanga picha mezani moja baada ya nyingine. Nanan Eulalie alikuwa anaelea kwenye dari la ukumbi wa dansi na kikapu cha mayai. Rémy alikuwa ameota kodiani kwenye paji la uso. Keki ya Pasaka ilikuwa ndani ya tumbo la Alcide.

"Na huyu ni nani tena?" Verlie aliuliza.

"Ni wewe, wifi."

"Mimi? Mbona nina masharubu?"

"Ya Alcide. Yamekupendeza."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Rémy naye alicheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Akavuta kiti karibu na Clémence, akamchagulia kamba mnono.

"Basi yameisha. Nisamehe, mpenzi. Kula."

Clémence hakula. Alikuwa anazirudisha picha kwenye bahasha.

"Kwako yameisha. Nikuulize swali moja. Bahasha hii ingedondoka njiani, hiyo ya juu peke yake ikabaki, leo mimi ningekuwa nani hapa mezani?"

Akaifunga bahasha.

"Picha zimenitetea," alisema. "Mchumba wangu hakunitetea. Mama, asante kwa chakula. Mwambieni Padri asitangaze ndoa yetu Jumapili ijayo."

*

Simu za Rémy zilianza kabla hajafika nyumbani. Hakupokea. Jumatatu yakaja maandishi.

"Clémence nimekosa. Nakubali nimekosa."

"Mama kaniambia nisikanyage jikoni kwake mpaka urudi. Nakula mikate ya dukani."

"Nijibu hata tusi."

Clémence alikuwa kwa Nanan Eulalie, wanakata bamia. Sebule ya Nanan ndiyo iliyomfanya Clémence awe mpiga picha. Ukuta mzima ulikuwa na picha za watoto wa komunyo ya kwanza, miaka na miaka, waliopigwa picha na Nanan kwa kamera ya sanduku wakati ambao hakuna studio mjini iliyowajali watoto weusi wa mtaa ule. Kila mmoja amesimama wima na mshumaa wake, anang'aa. Clémence alikua akiwatazama. Watu walipomuuliza kwa nini anahangaika na filamu wakati simu inapiga picha bure, alikuwa akijibu kwamba simu humwonyesha picha papo hapo, na yeye anahitaji ule muda wa kungoja. Ukishabonyeza, huoni kitu. Unabaki kuamini tu, na kushukuru kabla hujapokea. Kwake ilikuwa karibu na sala.

"Nanan, nilie au nimshukuru Mungu?"

"Fanya vyote, bamia bado nyingi."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Umelijua hili kabla ya harusi. Wenzako wamelijua wakiwa na watoto watatu. Shukuru kwanza." Nanan alifuta kisu. "Unampenda?"

"Nampenda. Ndiyo maana inauma. Kukosea filamu si kitu, hata mimi nimewahi kukosea. Lakini alikaa na ile picha usiku kucha, na hakunipigia simu kuniuliza. Akangoja mpaka watu wote wamekaa mezani."

"Mwambie hivyo hivyo."

Clémence aliinua simu, akaandika: "Uliniita mwongo mbele ya watu. Msamaha wa pembeni sitaki. Kama una la kusema, liseme mbele ya watu."

Jibu lilichelewa, kisha likaja: "Unajua mimi siwezi kusema mbele ya watu."

Alijua. Rémy alikuwa mtu wa injini na farasi. Alipoombwa kusoma somo kanisani mwaka juzi, alishikwa na homa ya kweli. Kwenye harusi ya dada yake alinyanyua bilauri, akasema "Basi," akaketi.

"Kumtukana mwenzako uliweza," Clémence aliandika.

Akaiweka simu kifudifudi. Ikalia tena, lakini alikuwa Alcide. "Dada, nimeziona zile picha ulizonitumia kuniomba radhi. Usirudie kazi! Ile yenye keki tumboni ndiyo naitaka juu ya santuri!"

Nanan alisoma, akacheka mpaka akashika ubavu. Clémence naye akacheka, machozi yakamtoka humo humo, na alipopiga magoti jioni ile hakuomba Rémy abadilike. Alishukuru kwa Nanan, kwa Mama Olympe aliyevitambua vifungo vyake, kwa kazi ya mikono yake iliyosema kweli alipokuwa hana mtetezi. Kisha akasema, na yule pia, Bwana, wewe wamjua. Akalala.

*

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu walijaa katika ukumbi wa kanisa kama kawaida, kahawa mkono mmoja, soseji za wali mkono mwingine. Clémence alikuwa amesimama na Nanan karibu na dirisha. Alimwona Rémy akipita katikati ya watu, kavaa shati la mikono mirefu, mgongo umelowa jasho. Akavuta kiti. Akapanda juu yake.

"Mungu wangu," Verlie alisema, "atazimia."

"Samahanini," Rémy alisema. Hakuna aliyesikia. "Samahanini!"

Watu wakageuka. Hata Padri aliweka kikombe chini.

"Mimi... mnanijua. Sijui kusema." Akaiingiza mikono mifukoni, akaitoa. "Wiki iliyopita nilimwita Clémence mwongo, mbele ya nyumba yetu yote. Wengine wenu mmesikia, maana Verlie yupo."

"Ah! Mimi nimeingiaje?"

"Hakuwa mwongo. Kosa lilikuwa la mkono wangu. Lakini hata lisingekuwa langu..." Akamtafuta Clémence kwa macho. "Aliniuliza swali, nikakosa jibu wiki nzima. Kama ile picha ingekuwa peke yake, angekuwa nani? Jibu ninalo sasa. Angekuwa Clémence yule yule. Mimi ndiye ningekuwa nimempoteza, na nisingejua kamwe kuwa nilikosea. Namshukuru Mungu hakuniacha hivyo. Na wewe, Clémence, nakushukuru kwa kuniambia nipande hapa."

Mama Olympe alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa kitambaa cha mezani.

"Ninaahidi," Rémy alisema, na maneno yaliyofuata yakatoka kama mnong'ono.

"Hatusikii!" alipaza sauti mzee mmoja karibu na birika la kahawa.

Clémence alimpa Nanan kikombe chake. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye kile kiti, akaushika mkono wa Rémy uliokuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Padri," alisema, "Jumapili ijayo utusome majina. Lakini kwanza huyu arudie, na walio nyuma wasikie, wawe mashahidi."

"Nirudie yote?" Rémy aliuliza.

"Ahadi tu."

Akavuta pumzi, akamtazama yeye peke yake, akapaza sauti mpaka vioo vya madirisha vikaitikia:

"Nikiona nisichokielewa, nitakuuliza wewe kwanza! Wewe kwanza, Clémence! Kabla ya mama yangu, kabla ya Verlie, kabla ya hasira yangu!"