Mgeni wa Ubavuni

Wewe unayesoma, hebu jaribu hiki: nina mgeni, habishi hodi, hana miguu, na kila masika analala ubavuni mwangu. Ni nani?

Usijibu bado. Kitendawili hiki si changu. Ni cha dada yangu, marehemu Bi Sharifa wa Mikindani. Alimtegea mjukuu wake Hafsa, siku moja wakibangua korosho, baba yake Hafsa akiwa kando anasikia.

"Paka!" alisema Hafsa.

"Paka hana miguu, mke mwenzangu? Nipe mji."

"Sikupi! Nitakijua kesho."

"Haya. Mji wangu nausubiri."

Bi Sharifa aliishi na mwanawe Thabiti, baba yake Hafsa, katika nyumba ya zamani ya mawe na udongo. Miaka mitatu iliyopita Thabiti alijenga jiko ubavuni mwa nyumba. Mabati ya jiko aliyaegemeza kwenye ukuta wa chumba cha mama yake. Pale bati lilipokutana na ukuta pakabaki upenyo. Akauziba kwa kipande cha gunia la korosho na saruji kidogo. Basi.

Mvua zilipokuja, ukuta ukalowa kwa ndani.

"Ni chumvi ya mawe ya zamani," alisema Thabiti.

Ukifika mwezi wa Shaabani, sisi hupaka nyumba chokaa kuipokea Ramadhani. Thabiti naye alipaka. Doa likapotea. Majirani wakamsifu kwa nyumba nyeupe.

"Mwanangu, kitanda changu kina baridi," mama yake alimwambia.

"Mama, nimepaka juzi tu! Chumba chako kizuri kuliko changu."

Dada yangu akacheka. Hakusema tena.

Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne, Bi Sharifa alikuwa kitandani, anavuta uradi, tasbihi mkononi. Ukuta ukamwangukia. Walipomtoa, alikuwa ameshakata roho. Udongo wa ukuta ule ulikuwa kama uji mikononi mwao.

Tuliporudi kutoka kuzika, Hafsa alimuuliza baba yake, "Baba, mgeni wa Bibi ni nani?" Thabiti akainuka, akatoka nje.

Baada ya arobaini, alikuja fundi Martha wa Chuno kujenga upya. Hakushika mwiko kwanza. Alipanda ngazi na kopo la maji. Akamwaga pale bati la jiko lilipokutana na kipande cha ukuta kilichobaki.

"Kaka Thabiti, ingia ndani uangalie."

Ndani, maji yalikuwa yanachuruzika ukutani.

"Bati hutanuka juani, likipoa hunywea," alisema Martha. "Ukuta hausogei. Kwa hiyo saruji ya katikati hupasuka. Maji yanaingia, udongo unalainika. Chokaa huficha doa tu, maji haizuii."

"Sasa nifanyeje?"

"Tunakunja bati refu. Upande mmoja unasimama ukutani, upande wa pili unalala juu ya mabati ya jiko. Tunachonga mfereji mwembamba ukutani, ukingo wa juu wa bati uingie humo, halafu tunaziba. Maji yakishuka ukutani, yatapita juu ya bati na kumwagika nje. Na kila mwaka kabla ya mvua, panda uangalie."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Siku moja."

Thabiti akakaa chini, palepale kwenye kifusi. "Siku moja," alisema. "Siku moja tu."

Martha akaenda kupima bati.

Kazi ikafanyika. Masika ya mwaka huu yamekuja na mvua nyingi. Juzi nilikwenda kuwaona. Hafsa alikuwa ameweka kiganja kwenye ukuta mpya.

"Mkavu, Baba. Hata hapa chini."

"Alhamdulillahi."

"Lakini Bibi amekwenda na jibu lake. Mgeni wake ni nani?"

Nilidhani Thabiti atatoka nje tena. Hakutoka. Aliweka kiganja chake kando ya cha mwanawe.

"Ni maji, mwanangu," alisema. "Alikuwa ananitegea mimi."