Kibanio cha Upande wa Kulia

Kila Jumamosi Gati alifua sare zake za shule, akazianika, kisha akaenda kumsaidia mama yake kwenye gereji yao ndogo huko Nyamisangura. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake, Tabitha, alikuwa fundi magari anayeaminiwa na wengi mjini Tarime.

Jumamosi moja Mzee Kisyeri alifika na gari lake jekundu la michezo, lenye viti viwili tu na umri mkubwa kuliko wa Tabitha. Pembeni yake alikaa mkewe, Bibi Jenipha, ambaye tangu apate kiharusi hutembea kwa kuegemea fremu ya chuma.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi," Gati alisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu mzee. "Buti halisimami tena. Nalitegemeza kwa mti, na juzi mti uliteleza, nusura limwangukie bibi yako."

"Shokapu za buti, hizi fimbo mbili za kulishikilia juu, zimekwisha nguvu," alisema Tabitha. "Tutaweka mpya."

Alilitegemeza buti kwa nguzo imara, akafunga shokapu ya kushoto huku Gati akitazama. Kisha akampa bisibisi ndogo.

"Ya kulia ni yako. Legeza kibanio, chomoa ya zamani, weka mpya, halafu ibane kwa kibanio chake. Bila kibanio itachomoka."

Gati alifurahi mno, kwani hakuwahi kuachiwa kazi peke yake. Lakini kibanio cha shokapu mpya, kidogo kama ukucha, kilimponyoka kikapotelea kwenye nyasi. Alipapasa huku na huku, asikione. Aliogopa kwamba mama hatamwachia kazi tena. Akaibonyeza shokapu mahali pake, ikashika.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kibanio?"

"Kipo."

Tabitha akaondoa nguzo. Buti likabaki juu, na Mzee Kisyeri akatabasamu. Bibi Jenipha akajikongoja na fremu yake, akainama taratibu kuweka kikapu chake cha mboga. Gati alipoona kichwa chake chenye mvi kikiingia chini ya bati lile zito, aliiangusha bisibisi. Akakimbia, akalishika buti kwa mikono miwili.

"Bibi, rudi nyuma kidogo. Mama, kibanio hakipo. Kilipotea, nikakudanganya."

Tabitha alirudisha nguzo, akaivuta shokapu ya kulia kwa vidole viwili. Ikachomoka. Akaokota bisibisi, akatoa kibanio kwenye shokapu ya zamani. Kilikuwa cha ukubwa uleule. Akamkabidhi Gati pamoja na bisibisi.

"Rudia."

"Bado unaniachia mimi?" Gati aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Wewe ndiye unayejua palipokosewa."

Safari hii kibanio kiliingia kikalia *tak*. Tabitha akavuta kwa nguvu zake zote, shokapu haikutikisika. Ndipo akamvuta binti yake karibu, akamfuta machozi kwa nyuma ya mkono, maana viganja vilijaa grisi.

"Kila fundi hukosea, mwanangu. Hata mimi nimekosa, sikukagua kazi yako. Kibanio kikipotea tutatafuta kingine. Lakini ukisema kipo na hakipo, kuna mtu ataweka kichwa chake hapo kwa sababu amekuamini."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe, bibi."

Bibi Jenipha alisogea na fremu yake. Alimshika Gati mkono, akainama tena chini ya buti, akakiweka kikapu chake vizuri.