Macho ya Mbuyi

Kwa kutafuta mhuri wa fomu moja tu, Madame Ngalula alikuwa amepanda ngazi za utawala mara tatu, na sasa jua la Kamina lilikuwa linazama. Akarudi maabara amechoka hata hawezi kukasirika. Chuo kilimpa chumba hicho apime jinsi macho yanavyochagua cha kutazama. Asipofikisha watu arobaini kufikia kesho, chumba kinapewa idara ya itifaki, iweke viti vyake vya plastiki. Viti vyenyewe vilikuwa vimeshapangwa koridoni, vinasubiri.

Alikuwa na thelathini na tisa.

Wa arobaini alikuwa mlangoni: Kabanga, karani wa sokoni, Mkasai kama yeye. Alisimama pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

"Jambo, papa Kabanga. Ikala," Ngalula alisema, akimwonyesha kiti.

"Na Mbuyi, mama?" alinong'ona.

Ngalula alielewa. Pacha anayetangulia huitwa Mbuyi, anayefuata Kabanga. Mmoja akifa, kwao hasemwi amekufa. Husalimiwa wote wawili, hupewa wote wawili. Mama yake asingesahau. Lakini mama yake hakuwahi kusoma waraka wa mkuu wa kitivo: mtu mmoja, fomu moja, kiti kimoja.

"Fishi, hii fomu, iko moja, papa. Kesho batanifungia."

"Weye iko wa kwetu, mama. Unajua."

"Ninajua. Ikala tu."

Mbele ya Kabanga, msalaba katikati ya skrini, nyota zikichomoza kushoto na kulia. Kwenye skrini ya Ngalula, kamera ilionyesha macho kwa vidoa vya kijani.

Viwili.

Vinne.

Akazima. Akawasha. Vinne... Chumba kikanuka udongo mbichi, kama uliochimbwa sasa hivi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha miwani, cha makengeza, hata cha jicho la bandia. Cha macho manne hakikuwepo. Akachagua jozi ya kushoto, akafuta.

"Mama," Kabanga alisema polepole, bila kuuacha msalaba, "unafuta nani?"

Kabanga akainuka, akaondoka bila kuaga.

Hofu ilimfikia Ngalula kwa kuchelewa, kama barua ya serikali. Akachukua fomu mpya, akaijaza kwa ajili ya Mbuyi: jina, umri, yote. Akaleta kiti cha pili.

"Jambo, Mbuyi. Unisamehe."

Katende, mlinzi, akaja kuchukua ufunguo. Akaitazama fomu.

"Madame, mbona umeandika ku kuume tu? Huku kushoto yote iko bule, hakuna neno. Jina iko wapi?"

"Iko hapo."

"Wapi?"

Ngalula akaitazama. Machoni pake karatasi ilikuwa imejaa.

Miaka minane aliwafundisha wanafunzi ugonjwa huo wa ubongo: mtu anakula nusu ya kuume ya sahani, kisha analalamika chakula ni kidogo. Nusu ya dunia imemtoka, na mwenyewe hajui.

"Katende... kile kiti cha pili, niliweka upande gani?"

"Kushoto yako, Madame." Mlinzi alishangaa swali. "Pale ule papa anaikala sasa."

Udongo mbichi ukanuka tena, karibu sana.

Ngalula akataka kugeuka kushoto.

Hapakuwa na upande wa kugeukia.